Neno la Mgonjwa na Neno la Mtambo

Mgonjwa aingiapo hospitalini humwona daktari, humwona muuguzi, na pengine humwona mfamasia dirishani. Mhandisi hamwoni. Aliyebuni kitanda alaliacho, aliyeunda chombo kipimacho damu yake, aliyeandika maagizo yaendeshayo chombo hicho, wote wako mbali naye, aghalabu katika nchi nyingine, wala hawatalijua jina lake. Hata hivyo mgonjwa amejitia mikononi mwao sawasawa na alivyojitia mikononi mwa daktari. Daktari ana kiapo kilichoanzia zama za Wayunani, naye akikosea mgonjwa humjua kwa sura na kwa jina. Je, yule asiyeonekana anadaiwa nini?

Nataka kukusimulia, msomaji wangu, habari za mtambo mmoja ulioitwa Therac-25. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mtambo huo uliwajeruhi watu 6 katika Marekani na Kanada, na baadhi yao wakapoteza maisha. Ulikuwa umeundwa ili kuponya. Waliouunda hawakuwa watu waovu wala wajinga. Kwa sababu hiyo hasa kisa chake kinastahili kusomwa, maana ubaya wa mtu mwovu hautushangazi, lakini madhara yatokayo kwa mikono ya watu wema yanataka kuchunguzwa.

Kwanza yafaa tuijue mionzi yenyewe. Novemba 1895 mwanachuoni wa Ujerumani aitwaye Wilhelm Röntgen aligundua miali isiyoonekana kwa macho ambayo ilipenya nyama na kuonyesha mifupa. Ulimwengu ulifurahi kupita kiasi. Watu walijipiga picha za mikono kama mchezo, pasipo kinga yoyote. Katika Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliiweka mikono yake mbele ya miali hiyo siku baada ya siku kwa ajili ya majaribio. Mikono ikaungua, ikapata vidonda visivyopona, ikakatwa. Na mwaka 1904 Dally akafa. Edison aliogopa, akaiacha kazi hiyo. Kutokana na misiba kama huo watu walijifunza kwamba mionzi huua kwa siri. Huingia mwilini bila kugonga mlango, na jeraha lake huweza kuchelewa siku nyingi kujitokeza. Walijifunza pia kwamba ikipimwa vema na kuelekezwa mahali pamoja huua uvimbe wa saratani huku ikiacha sehemu kubwa ya mwili salama. Basi uponyaji kwa mionzi ni kazi ya kipimo. Dawa na sumu hapo ni kitu kimoja, na kinachozitenga ni hesabu.

Therac-25 ulitengenezwa na shirika la serikali ya Kanada lililoitwa Atomic Energy of Canada Limited, na ukaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1982. Mitambo 11 ilifungwa mahospitalini, 5 katika Marekani na 6 katika Kanada. Uwezo wake ulikuwa wa namna mbili. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, ulirusha elektroni zenyewe, zikitawanywa kwa sumaku ili zisichome mahali pamoja. Kwa uvimbe ulio ndani zaidi, elektroni ziligongeshwa kwenye kipande cha madini, na kutokana na mgongano huo ikatoka miali ya Röntgen, ambayo ndiyo iliyomfikia mgonjwa. Sasa angalia jambo hili, kwa kuwa msiba wote umefichwa hapa. Ili kupata miali ya kutosha, mkondo wa elektroni uligongao madini hauna budi kuwa na nguvu kama mara 100 kuliko ule wa namna ya kwanza. Katikati ya mtambo palikuwa na sahani kubwa iliyozunguka, iliyobeba vifaa vya kila namna na kuvileta mbele ya mkondo kwa zamu. Ole wake mgonjwa kama mkondo mkali ungetoka hali sahani imeleta kifaa kisicho chake! Angepigwa na nguvu yote pasipo kizuizi cha madini wala cha sumaku.

Hatari hiyo wahandisi waliijua. Shirika lilikuwa limekwisha kutengeneza, kwa ushirikiano na kampuni moja ya Ufaransa, mitambo miwili ya kabla ya huo, Therac-6 na Therac-20. Katika mitambo hiyo kompyuta ilikuwa msaidizi tu. Palikuwa na makomeo ya chuma na ya umeme ambayo hayakuhitaji akili ya kompyuta. Sahani isipokuwa mahali pake, umeme ulikatika, na mkondo haukutoka hata kompyuta ikiamuru. Ni kama komeo la mlango, ambalo halimsikilizi mtu asemapo kuwa ana ruhusa, mradi ufunguo hana.

Katika Therac-25 mengi ya makomeo hayo yaliondolewa. Kazi yake ilipewa programu, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta. Ilidhaniwa kwamba chuma huchakaa na swichi huharibika, lakini maandishi hayachakai. Programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja kwa muda wa miaka kadhaa, naye alitumia sehemu zilizotoka katika mitambo ya kwanza. Sehemu hizo zilionekana zimejaribiwa na kuaminika, kwa sababu miaka yote hiyo hazijapata kumdhuru mtu. Ilipofika Machi 1983 shirika lilifanya uchunguzi wa usalama wa mtambo, likahesabu uwezekano wa kila kasoro. Makosa ya programu yenyewe hayakuingizwa katika hesabu hiyo. Uwezekano wa kompyuta kuchagua namna isiyo sahihi ya tiba uliandikwa kuwa 4 katika 1,000,000,000. Mimi kila nikiifikiri nambari hii hustaajabu. Ina sura ya elimu, lakini haikuwa na msingi, kwani yawezekanaje kupima hatari ya kitu ambacho hukukitazama? Nambari ya namna hiyo ina madhara makubwa kuliko kutokuwa na nambari kabisa, kwa sababu humnyamazisha mwenye shaka.

Tarehe 3 Juni 1985, mjini Marietta katika jimbo la Georgia, mwanamke wa miaka 61 alilazwa chini ya mtambo huo. Alikuwa amepasuliwa saratani ya titi, na sasa alikuwa akitibiwa karibu na mtulinga. Mtambo ulipowashwa alihisi moto mkali ukimwingia. Mwendeshaji alipoingia chumbani mgonjwa alimwambia, "Umeniunguza." Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Hapakuwa na alama mwilini, ila ngozi ilikuwa na joto. Baada ya siku chache wekundu ulitokea, na mgongoni, upande wa pili wa mwili, pakatokea wekundu uliolingana na ule wa mbele, kama risasi iliyoingia na kutoka. Mwanafizikia wa hospitali aliwapigia simu watengenezaji akauliza kama inawezekana elektroni zitoke bila kutawanywa. Siku 3 baadaye alijibiwa kuwa haiwezekani. Ilikadiriwa baadaye kuwa mwanamke yule alipokea kati ya 15,000 na 20,000 za kipimo kiitwacho rad. Kipimo cha kawaida cha tiba ya siku moja ni kama 200. Titi lilikatwa, na mkono wake ukapooza.

Tia moyoni neno lile "haiwezekani", maana tutalikuta tena.

Siku chache kabla ya mwisho wa Julai mwaka ule ule, mjini Hamilton katika Kanada, mwanamke mwingine alifika kwa tiba yake ya 24. Mtambo ulianza, ukasimama baada ya sekunde 5, na kioo cha kompyuta kikaonyesha kwamba hakuna mionzi iliyotolewa. Mwendeshaji akabonyeza kitufe cha kuendelea. Ukasimama tena, naye akabonyeza tena, na mambo yakaenda hivyo hivyo hata mtambo ukakataa kabisa. Mgonjwa alilalamika kuwa anahisi kuungua. Mionzi ilikuwa imetoka. Alifariki Novemba kwa saratani yake iliyokuwa kali mno, lakini madaktari walisema kuwa kama angaliishi, nyonga yake ingalilazimika kubadilishwa kwa sababu ya mionzi.

Usifanye haraka kumlaumu mwendeshaji yule. Mtambo huo ulikuwa na desturi ya kusimama kwa sababu ndogo ndogo. Mwendeshaji mmoja alieleza kuwa siku nyingine ulileta hitilafu hata 40, nyingi zikiwa za mionzi pungufu. Kila hitilafu ilitangazwa kwa neno moja la kasoro na nambari, kutoka 1 hadi 64, na kitabu cha maelezo hakikufafanua nambari hizo zina maana gani. Kengele iliayo kutwa nzima bila moto hatimaye huwa kama sauti ya panzi, kwani masikio huizoea. Tena waendeshaji walikuwa wameambiwa mara nyingi kwamba kinga za mtambo ni nyingi kiasi kwamba haiwezekani mgonjwa apewe mionzi kupita kiasi. Nani basi aliyewafundisha kubonyeza bila kuogopa? Aliyeweka kitufe cha kuendelea karibu na kidole, na maana ya hitilafu mbali na akili, ndiye aliyewafundisha.

Watengenezaji walituma mhandisi Hamilton. Alijaribu kuifanya kasoro ijirudie, asiweze. Ikadhaniwa kuwa swichi ndogo ya kuonyesha mahali pa sahani ndiyo iliyokosea. Swichi ilirekebishwa, na ikatangazwa kwamba kwa marekebisho hayo usalama umeongezeka angalau mara 100,000. Huo ni ushahidi wa namna gani? Ugonjwa haukujulikana, wala dawa haikuonyeshwa kuwa ndiyo yake, lakini kupona kulipewa kipimo.

Desemba 1985 zamu ilikuwa ya mji wa Yakima, jimbo la Washington. Mwanamke mmoja alitokwa na wekundu wa ajabu katika nyonga, wa mistari iliyokwenda sambamba. Hospitali iliandika barua kuuliza. Jibu lilikuja na kurasa za sababu za kitaalamu, nalo lilisema kwamba baada ya kutafakari kwa makini imeonekana kuwa madhara hayo hayawezi kuwa yametokana na mtambo wala na mwendeshaji. Waganga wa Yakima, wakiwa hawana sababu nyingine, waliliacha jambo lile likiwa fumbo. Mgonjwa alibaki na mistari yake.

Sasa tufike Tyler, katika jimbo la Texas, maana hapa ndipo kweli ilipofunuliwa. Tarehe 21 Machi 1986 mwanamume mmoja alifika kwa tiba yake ya 9. Mwendeshaji alikuwa mtu hodari mwenye vidole vyepesi, aliyeizoea kazi yake. Aliandika maelezo ya tiba upesi, kisha akatambua kuwa mahali pa elektroni ameandika herufi ya miali ya Röntgen. Kosa dogo. Alirudisha kishale juu kwa kitufe, akasahihisha herufi ile moja, akashuka mpaka chini, akawasha. Kioo kikaonyesha kasoro ya 54, na kwamba mionzi iliyotoka ni pungufu. Naye, kama alivyozoea, akabonyeza kuendelea. Chumbani mgonjwa alikuwa amehisi kitu kama kumwagiwa kahawa ya moto mgongoni, pamoja na mshituko wa umeme. Alijua kutokana na tiba zake za nyuma kuwa hali hiyo si ya kawaida, akaanza kuinuka. Pigo la pili likampata mkononi. Siku hiyo runinga ya kumtazamia mgonjwa ilikuwa haikuunganishwa, na chombo cha kusikilizia sauti yake kilikuwa kimeharibika. Ilimbidi aende mlangoni akaugonge kwa mikono yake.

Wahandisi wa shirika walikuja wakauchunguza mtambo. Walisema hauwezi kuzidisha mionzi. Walidokeza kuwa pengine mgonjwa alipigwa na umeme. Hospitali ilipouliza kama kuna ajali nyingine za mionzi kuzidi, iliambiwa kuwa shirika halina habari ya ajali yoyote ya namna hiyo. Umeme ulichunguzwa na watu wengine, pasionekane kasoro, na mtambo ukarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Siku 4 baadaye mwendeshaji yule yule, akimtibu mgonjwa mwingine wa saratani ya ngozi ya uso, alisahihisha kosa lile lile kwa wepesi ule ule. Kasoro ya 54 ikatokea. Safari hii chombo cha sauti kilikuwa kizima, naye akasikia mlio mkubwa na mgonjwa akiugua. Mgonjwa alisema ameona mwanga, akasikia sauti kama ya mayai yakikaangwa, na upande wa uso wake unawaka moto. Alikufa tarehe 1 Mei. Yule wa kwanza alikufa miezi 5 baada ya kujeruhiwa.

Mwanafizikia wa hospitali ile aliusimamisha mtambo papo hapo. Kisha alifanya jambo ambalo hapana mhandisi aliyekuwa amelifanya tangu msiba wa kwanza. Aliketi na mwendeshaji, akamwomba akumbuke kila alichokifanya, kitufe kwa kitufe, akachukulia kuwa mtu huyu anasema kweli na mgonjwa alisema kweli, na kuwa kama wao ni wakweli basi mtambo ndio mwongo. Mwendeshaji alikumbuka yote barabara. Wakajaribu na kurudia, mara nyingi, mpaka kasoro ya 54 ikajitokeza mbele yao. Siri yake ilikuwa kasi. Aliyebonyeza polepole hakuiona kamwe. Mwanafizikia aliwaarifu watengenezaji, nao walipojaribu kwanza hawakuiona. Walipoambiwa waharakishe vidole, waliiona. Walipima mionzi katikati ya mkondo wakakuta kama 25,000.

Kilichotokea ndani ya mtambo kilikuwa hivi. Sumaku zilihitaji kama sekunde 8 kujiweka tayari. Wakati programu ikizingojea, mwendeshaji mwepesi aliweza kusahihisha maandishi na kumaliza. Sehemu moja ya programu iliona sahihisho, ikaigeuza sahani iwe ya elektroni. Sehemu nyingine haikuliona, ikabaki na nguvu ya miali ya Röntgen. Kioo kilionyesha maneno sahihi. Mkono wa kulia haukujua ufanyalo mkono wa kushoto, na kati ya mikono hiyo miwili alilala mtu.

Pana jambo jingine nisilopenda kulipita, maana linawahusu wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago palikuwa na Therac-20, mtambo wa zamani wenye makomeo ya chuma. Mwanafizikia wa huko alikuwa ameona kioja: kila kundi jipya la wanafunzi lilipoanza kujifunza juu ya mtambo ule, fyuzi zilikatika mara kwa mara, na wanafunzi walipozoea kazi zikatulia. Habari za Tyler zilipoenea, alifanya jaribio kama lile akavumbua kuwa kosa lile lile limo ndani ya programu ya Therac-20. Wanafunzi, kwa kubonyeza ovyo na kusahihisha kila namna, walikuwa wakiligonga. Makomeo yalikata umeme, na yote yakaishia kwenye fyuzi. Kumbe programu ile iliyosifiwa kuwa haijapata kumdhuru mtu kwa miaka mingi ilikuwa na kosa tangu zamani! Sifa ya usalama ilikuwa ya chuma, lakini ilipewa maandishi. Na chuma kilipoondolewa, sifa ilibaki bila mwenyewe.

Unadhani watengenezaji walifanya nini kwanza? Tarehe 15 Aprili 1986 waliziandikia hospitali barua. Waliagiza kuwa kitufe cha kurudisha kishale juu kisitumiwe tena kusahihishia, kifuniko chake king'olewe, na mahali pake pafungwe kwa utepe wa umeme. Mtambo wa kisasa, wa gharama kubwa, ukafungwa bandeji kama kidole kilichojikata! Tena barua haikueleza kwa nini, wala haikusema kwamba watu wamekufa. Idara ya serikali ya Marekani isimamiayo chakula na dawa haikuridhika. Mwezi Mei ilitangaza kuwa mtambo una kasoro, ikadai shirika litoe mpango kamili wa matengenezo na kuwaarifu wote waliounua.

Mpango ukaandikwa, ukarudishwa, ukaandikwa tena. Katika kuchelewa huko, Januari 1987, mgonjwa wa 6 alipatikana, tena Yakima. Kosa safari hii lilikuwa jingine kabisa. Programu ilikuwa na hesabu iliyoongezwa 1 kila ilipopita mahali fulani, na nafasi ya kuihifadhi haikuweza kushika zaidi ya 255. Ikifika 256 ilirudi kuwa 0. Na kwa programu hiyo 0 maana yake ni kwamba kila kifaa kiko mahali pake. Mwendeshaji alibonyeza kitufe katika nukta ile ile hesabu iliporudi 0, na sahani haikuwa mahali pake. Mgonjwa aliyestahili kupata 86 alipata kati ya 8,000 na 10,000. Alifariki Aprili.

Kwa hiyo walioamini kwamba kosa likipatikana mtambo umepona, walikosea mara ya pili. Swali lililotakiwa tangu mwanzo halikuwa kosa liko wapi. Lilikuwa hili: likiwapo kosa tusilolijua, ni kitu gani kitakachosimama kati ya kosa hilo na mtu? Februari 1987 wenye mamlaka wa Marekani na wa Kanada walishauri mitambo yote isimamishwe mpaka irekebishwe. Katika matengenezo yaliyokubaliwa mwaka huo, makomeo yasiyoitegemea kompyuta yalirudishwa, kikawekwa kifaa cha kukata mkondo kwa pigo la kwanza tu lizidilo kipimo, na nambari za hitilafu zikabadilishwa kuwa maneno yenye maana. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilichohitaji ugunduzi mpya. Vyote vingaliweza kuwekwa mwaka 1982.

Katika Kanada, wahandisi wengi wamalizapo masomo huvishwa pete ya chuma katika kidole kidogo cha mkono wafanyiao kazi. Sherehe ya kwanza ilifanywa Montreal mwaka 1925, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Watu husema kuwa pete za kwanza zilifuliwa kutokana na chuma cha daraja la Quebec, lililoanguka mwaka 1907 likiwa bado linajengwa, likaua wafanyakazi 75. Habari hiyo ya chuma si kweli, ila kuanguka kwa daraja ni kweli, na maana ya pete ni kweli. Mwenye kuchora huisikia ikikwaruza karatasi, akakumbuka. Wajenzi wa madaraja walijifunza zamani kuweka nguvu ya ziada kwa ajili ya yale wasiyoyajua. Waandishi wa programu, ambao kazi yao ilikuwa changa, walikuwa bado hawajaliona daraja lao likianguka. Aliyeandika programu ya Therac-25 aliacha kazi katika shirika hilo mwaka 1986. Mawakili wa walioshitaki walipouliza juu ya elimu yake na uzoefu wake, hawakupata habari. Kesi zenyewe zilimalizwa kwa maafikiano nje ya mahakama, kwa hiyo hapana hakimu aliyepata kusema ni nani mwenye hatia.

Wala sidhani kuwa ingefaa kumtafuta mmoja wa kumtwika mzigo wote. Yeye aliandika makosa, kama mwandishi yeyote aandikavyo makosa. Hata mimi katika kurasa hizi huenda nimekosea mahali. Lakini walioondoa makomeo ni wengine, waliohesabu hatari bila kuitazama programu ni wengine, na waliojibu simu na barua kwa neno "haiwezekani" ni wengine tena. Hao wa mwisho ndio nionao kuwa na neno kubwa la kujibu. Kutojua ni hali ya kila mhandisi. Asiyejua na akasadiki kuwa anajua, hata akamkanusha mtu aonyeshaye ngozi yake, huyo ameivunja dhamana. Nawe usomaye shuleni hapa kwetu, ambapo mitambo mingi ya hospitali hutoka ng'ambo, waweza siku moja kuwa mtengenezaji, au muuguzi abonyezaye kitufe, au mgonjwa aliyelala akisema kuwa anaungua. Popote utakapokuwa, utakuwa upande mmoja wa simu ile.

Mwaka 1993 Nancy Leveson na Clark Turner walitoa uchunguzi mrefu juu ya ajali hizi, wakizipanga moja baada ya nyingine kutokana na barua na hati zilizokuwapo. Katika habari zao mna mambo ya yule mwanamke wa Yakima wa Desemba 1985, aliyeandikiwa kuwa madhara yake hayawezi kuwa yametokana na mtambo. Msiba wa pili ulipotokea pale pale mwanzoni mwa 1987, nao ukaacha mistari ya sambamba mwilini, waganga walimkumbuka. Wakamchunguza upya, wakamkuta ana kidonda cha siku nyingi na nyama iliyokufa chini ya ngozi, mambo ambayo ni kazi ya mionzi iliyozidi. Alipasuliwa, akapandikizwa ngozi, maumivu yakapungua, akaishi na kovu na ulemavu mdogo. Tangu siku aliyoonyesha mistari yake mara ya kwanza hadi siku alipoaminiwa, ulikuwa umepita zaidi ya mwaka mmoja.